Tal Afar 2005: mji uliotulizwa, kisha ukapungukiwa askari

Ukiutaja mji wa Tal Afar, kaskazini magharibi mwa Iraq, mbele ya mtu aliyefuatilia vita vya Iraq, utaulizwa swali moja: kama operesheni ya Wamarekani ya kuutuliza mwaka 2005 ilikuwa mfano wa kuigwa, mbona wapiganaji wa kundi la ISIS waliuteka Juni 2014, tena baadhi ya wakubwa wao wakiwa wazaliwa wa hapo hapo? Ni swali la haki, na Wamarekani walijitakia wenyewe. Machi 2006, Rais George W. Bush alisimama Cleveland, Marekani, akaunadi mji huo kama ushahidi kwamba mkakati wake unafanya kazi. Tangu hapo watu wanaipima ile operesheni kwa hotuba ya mwanasiasa, na yaliyofanyika mitaani hayaangaliwi tena.

Septemba 2004 jeshi la Marekani liliwafukuza waasi Tal Afar, kisha likaacha askari mia chache wa kulinda eneo kubwa mno la kaskazini magharibi. Waasi wakarudi. Maiti zisizo na vichwa zikaanza kuokotwa barabarani, na polisi wakajifungia ndani ya ngome ya zamani katikati ya mji. Nao Wamarekani walikuwa hatari kwa raia: Januari 2005, jioni, askari wa doria walilimiminia risasi gari ambalo halikusimama. Mume na mke waliuawa papo hapo, watoto wao wakiwa kiti cha nyuma.

Rejimenti ya 3 ya Vikosi vya Deraya ya Kanali H.R. McMaster ilifika katika hali hiyo. Kabla ya kuondoka Fort Carson, Colorado, askari wake walikuwa wamefanya mazoezi na watu wanaosema Kiarabu walioigiza wenyeji. Somo lilikuwa hili: anayeingia nyumbani kwa kelele hapati kitu. Anayeketi, akanywa chai, akarudi tena, ndiye anayeambiwa jambo. Matusi dhidi ya Waarabu yalipigwa marufuku. Kwa kikosi kinachojivunia vifaru vya Abrams, hayo yalikuwa mageuzi makubwa.

Mapema Septemba 2005 mji ulizungushiwa tuta la udongo lenye kimo cha zaidi ya mita mbili, ili kila anayeingia au kutoka apite kwenye vizuizi. Wakazi wa mtaa wa Sarai, ngome ya waasi, waliambiwa wahame. Vifaru na askari wa Iraq walipoingia walikuta nyumba nyingi tupu. Waasi wengi walishatoroka. Wakosoaji hucheka hapa, na wana sababu.

Ila kilichofuata ndicho kinachosahaulika. Kikosi cha Luteni Kanali Chris Hickey hakikurudi kambini nje ya mji. Kilienea katika vituo 29 vya doria ndani ya mitaa, askari wa Marekani na wa Iraq wakilala humo humo, huku Hickey akiwasikiliza masheikh wa Kisunni na wa Kishia kwa saa nyingi. Meya Najim al-Jabouri, Msunni kutoka nje ya mji, alikuwa daraja kati yao. Masoko yakafunguliwa. Mkazi aliyeogopa kutoa taarifa alipata sababu ya kuitoa: aliyeambiwa angekuwepo kesho yake.

Gharama haikuwa ndogo. Familia zilizohamishwa zilirudi kwenye nyumba zilizobomoka. Na tarehe 14 Septemba, Abu Musab al-Zarqawi, kiongozi wa al-Qaeda nchini Iraq, akiitaja Tal Afar, alitangaza vita dhidi ya Washia wote. Siku hiyo mabomu yaliua watu zaidi ya 100 Baghdad. Utulivu wa mji mmoja ulilipiwa na vibarua wa mji mwingine waliokuwa wakisubiri kazi asubuhi.

Hata hivyo, hoja nzito zaidi dhidi ya mfano huu ni hesabu. Mwongozo wa jeshi la Marekani wa kupambana na waasi, wa Desemba 2006, ulipendekeza walinzi 20 kwa kila wakazi 1,000. Tal Afar, yenye watu kama 200,000, ilihitaji 4,000, na kwa muda iliwapata. Baghdad, yenye watu kama milioni sita, ingehitaji 120,000, wakati Wamarekani wote nchini Iraq walikuwa kama 150,000, wakiwamo wapishi, madereva na mafundi wa magari. Lakini hiyo ni hoja ya kumuuliza Donald Rumsfeld, Waziri wa Ulinzi wa Marekani wakati huo, aliyepeleka jeshi dogo. Sioni vipi inakuwa kosa la Hickey.

Mtasema polisi na askari wa Iraq nao wanahesabika. Ni kweli, na jibu lilipatikana haraka. Rejimenti iliondoka mapema 2006. Katikati ya mwaka, sehemu kubwa ya brigedi iliyoipokea ilihamishiwa Ramadi, mji wa magharibi mwa Iraq. Tarehe 27 Machi 2007 lori la mabomu lililipuka katika mtaa wa Washia. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Iraq ilitaja vifo 152. Usiku huo polisi wa Kishia waliingia mitaa ya Wasunni na kuua makumi ya wanaume. Walikuwa walinzi waliohesabiwa, wenye sare na mishahara. Kwenye vituo ambavyo mwaka mmoja na nusu nyuma vilikuwa na Wamarekani usiku kucha, hapakuwa na mtu wa kuwazuia.