Paulo wa Aegina: Mnakili au Mpasuaji?

Paulo wa Aegina, tabibu wa karne ya 7 aliyeandika kwa Kigiriki, alituachia kitabu kikubwa, ilhali habari za maisha yake ni chache mno. Jina lake linataja kisiwa cha Aegina, kilicho karibu na Athens. Kazi yake inamweka Aleksandria nchini Misri, ambako inasimuliwa kwamba alikuwapo majeshi ya Waarabu yalipouchukua mji huo mnamo mwaka 642. Anayetaka kumjua hana budi kumtafuta ndani ya juzuu saba za muhtasari wake wa tiba, na humo ndimo wasomaji wanamotofautiana: wengine wanamwona tabibu mwenye mchango wake mwenyewe, wengine wanamwona mnakili hodari wa kazi za waliomtangulia.

Wanaomwita mnakili wana hoja nzito, na shahidi wao wa kwanza ni Paulo mwenyewe. Katika dibaji anaeleza kwamba hakuandika kwa sababu wataalamu wa kale waliacha pengo lolote, na kwamba hakuweka lake isipokuwa mambo machache aliyoyaona na kuyajaribu kazini. Sehemu kubwa ya kitabu imetoka kwa matabibu wawili: Galen wa karne ya 2 na Oribasius wa karne ya 4, aliyemkusanyia Kaizari Julian wa Roma vitabu 70 vya tiba. Hata maelezo yake mashuhuri ya kutoboa koo ili mgonjwa anayekabwa apate kupumua ameyachukua kwa mpasuaji Antyllus, naye anamtaja kwa jina bila kuficha.

Hata hivyo, hayo machache aliyoyaongeza yanastahili kutazamwa kwa makini kuliko yanavyotazamwa kwa kawaida. Katika juzuu ya tatu anaueleza ugonjwa wa zama zake, msokoto mkali wa tumbo ulioanzia Italia na kuenea sehemu nyingi za dola ya Kirumi mithili ya tauni; baadhi ya wagonjwa waliishia kwenye kifafa, na wengine walipooza viungo ingawa hisia za mwili zilibaki. Anamtaja pia tabibu mmoja wa Italia aliyethubutu kuwatibu wagonjwa kwa vyakula na vinywaji vya baridi, akawaponya wengi. Hizi ni habari za mtu aliyefuatilia wagonjwa na kusikiliza matabibu wenzake, si za mtu aliyekaa na vitabu peke yake.

Juzuu ya sita, inayohusu upasuaji, ndiyo inayonishawishi zaidi. Sura ya kung'oa mishale inaainisha vichwa vya mishale kwa umbo na kwa ndoano zake, kisha inaeleza lini mshale uvutwe kurudi ulikoingilia na lini usukumwe utokee upande wa pili. Ukiwa umechoma kiungo cha uhai, tabibu atangulie kueleza hatari iliyopo, kisha ajaribu kuutoa, kwa kuwa wako waliopona pasipo kutarajiwa. Katika sura ya kuhasi, anasema kwamba sanaa ya tiba hukusudia kuurudisha mwili katika hali yake ya asili, na kuhasi ni kinyume cha hayo. Lakini kwa kuwa wakubwa huwalazimisha matabibu mara nyingi, ataeleza namna ya kufanya, na kwa ufupi. Mnakili asiye na kazi ya mikono angekuwa na sababu gani ya kulalamikia shinikizo la wakubwa?

Upande wa Waarabu kuna ushahidi mwingine, ingawa sipendi kuutegemea sana. Hunayn ibn Ishaq alikitafsiri kitabu chake kwa Kiarabu katika karne ya 9, na al-Zahrawi wa Andalusia alichota mengi humo katika maandishi yake ya upasuaji. Barhebraeus, aliyeandika katika karne ya 13, anasema Paulo alisifika kwa maradhi ya wanawake hata wakunga wakamwendea kuuliza, ndiyo maana akapewa lakabu ya al-Qawabili, yaani "wa wakunga". Tatizo ni kwamba miaka 600 hivi inawatenganisha watu hawa wawili, na sifa za mtu huongezeka njiani.

Nikipima pande zote, naona wanaomdharau kwa kunakili wamesahau lengo lake. Alilalamika kwamba wanasheria wana vitabu vifupi vya kubeba, ilhali tabibu, ambaye huhitajika mashambani, nyikani na hata merini katikati ya bahari, hana. Kuamua kipi kibaki na kipi kiachwe katika kitabu cha namna hiyo kulihitaji mtu anayejua kinachofaa mbele ya mgonjwa anayevuja damu. Lakini wanaompa heshima ya uvumbuzi nao wanavuka mpaka. Maandishi ya Antyllus yamepotea isipokuwa vipande vilivyohifadhiwa na waandishi wengine, hivyo katika sura nyingi za juzuu ya sita hakuna njia ya kutenganisha kisu cha Paulo na kisu cha mtangulizi wake, na sifa anayopewa mmoja huenda ni haki ya mwingine.