Sufuria Hili ni la Jumatatu au la Jumanne?

Jamani, kuna mwanamume mwingine hapa Mbagala ambaye jina lake limeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi ya manila, na mbele yake pameandikwa CHOO, JUMAMOSI? Kama yupo ajitokeze, tuunde chama.

Mimi ni mtunza stoo. Kutwa niko Kariakoo nahesabu misumari na mabati, jioni nasimama kwenye daladala kwa mguu mmoja, wa pili umo humohumo ila sijui umekanyagwa na nani. Nikifika nyumbani, kabla sijavua viatu, naangaliwa. Sikusema nasalimiwa. Naangaliwa, halafu macho ya watu yote yanahamia kwenye mlango wa friji, ilikobandikwa zamu.

Zamu yenyewe ilizaliwa kikaoni. Mama Mwaju alituita sebuleni, akazima televisheni mpira ukiwa dakika ya themanini (hilo nimesamehe, kusahau bado), akasema kuanzia leo kazi za humu ndani ni za wote. Nikamwambia kwa upole kwamba mimi tayari nina zangu: nalipa ada, nanunua gesi, na kila usiku nafunga geti. Akaniuliza, "Baba Mwaju, geti linafungwa kwa dakika ngapi?" Kabla sijajibu akachomoa sheria. Eti mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani anazofanya mke ni mchango wake katika mali ya ndoa. Nikamuuliza, enhe, na Bi Hawa akaondoka na nini? Akanyamaza kidogo. Akasema rufaa yake ilitupwa, ila kanuni ilibaki. Mimi nikaona hapo nimeshinda. Kikao hakikuona hivyo.

Kijana wangu wa kidato cha tatu naye akadandia. Sheria ya Mtoto ya 2009, anasema, inakataza mtoto kupewa kazi zenye madhara, na kupiga deki kunamuumiza kiuno. Kiuno! Mtoto anayecheza mpira mpaka adhana ya magharibi. Mama yake akamwambia asome na kifungu cha 15 cha sheria hiyohiyo, panapotajwa wajibu wa mtoto, akikute cha kufanya kazi kwa ajili ya mshikamano wa familia. Akajibu kwamba deki haileti mshikamano. Nyumba imejaa mawakili, na hakuna hata mmoja anayejua fagio la chelewa linakaa wapi.

Basi zamu ikaandikwa, na haki ikawa kila mtu ana mistari sawa. Mistari! Mstari wa shemeji unasema KUMWAGILIA MITI. Miti yenyewe ni mwarobaini mmoja uliotangulia kufika kwenye kiwanja hiki kuliko mimi, ambao hata kiangazi hauombi maji kwa mtu. Shemeji alikuja wiki mbili tu kutafuta kazi mjini, na kazi ameipata. Mstari wangu unasema KUJAZA MAJI. Ukisoma haraka unaweza kudhani tumelingana. Lakini maji ya huku kwetu ni ya mgao, yanakuja saa nane usiku, na hayaji kama mgeni anayebisha hodi. Kwanza bomba linakohoa. Linatoa upepo mrefu, linanyamaza, unasinzia. Linatema kutu, unaamka, unalisubiri lisafike. Likisafika, unajaza madumu, mapipa, beseni la kuogea na jagi la chai, maana huwezi kujua yatarudi lini. Wakati huo shemeji anakoroma, mwarobaini wake umeshiba.

Sitaki niongee sana habari ya kuanika nguo. Mwanamume kuanika si kitu. Walichokiona majirani ni vibanio, kwamba nilikuwa nimevishika mdomoni viwili viwili, nabana shati mabegani ili lisiache alama. Jioni kijiweni hakuna aliyenikaribisha drafti. Mzee mmoja akaninong'oneza kwamba limbwata lina dawa, akanitajia mpaka mtaa.

Ila kinachonitoa roho ni sufuria la ugali.

Nyumbani kwangu sufuria la ugali halioshwi. Linalowekwa. Mtu anakula, anachota kikombe kimoja cha maji, anamimina juu ya ukoko, anaondoka na dhamiri safi kabisa. "Umeosha vyombo?" "Nimeloweka, baba." Asubuhi ukoko umenuna, umevimba pembeni na katikati umeng'ang'ania vilevile, na juu yake kuna kijiko ambacho hakina mwenyewe. Sasa swali: hilo ni la aliyeloweka jana au la mwenye zamu leo?

Tulikuwa tunaelekea kwenye suluhu, mama yangu akaja kutoka Pangani. Mama anahesabu siku kama walivyohesabu wazee wa pwani, jua likizama siku mpya imeshaingia. Alhamisi baada ya magharibi kwake ni usiku wa Ijumaa, na ndivyo ilivyo, hata mimi nimelelewa hivyo. Siku moja akalisema hilo sebuleni, hana nia mbaya, anakunywa chai yake. Kijana akainua kichwa kutoka kwenye simu. Zamu yake ya vyombo ni Jumatatu. Chakula cha usiku tunakula saa mbili. Kwa hiyo, kwa mujibu wa bibi, vyombo vya Jumatatu usiku ni vya Jumanne, na Jumanne ni ya shemeji.

Shemeji akakataa. Yeye anafuata kalenda ya ukutani, siku inageuka saa sita ya usiku. Sawa. Jumanne ikafika, tukala, kuamka tunamkuta shemeji ameshasilimu kwenye kalenda ya bibi, kijana karudi kwenye ya ukutani. Nikamfuata mama anisaidie kuamua. Akanitazama mikono, ilivyochubuka kwa stiliwaya, akasema, "Mwanangu, baba yako hajawahi kujua jiko liko upande gani." Nikadhani ananionea huruma. Akaongeza, "Na mimi nilikuwa nachoka."

Aliyefaidi ni kitinda mimba. Yuko darasa la sita, na amefungua biashara. Ananunua zamu za watu: sahani za familia nzima mia tatu, sufuria la ugali lililolowekwa mia tano, la wali jero na soda. Choo hanunui kwa bei yoyote. Kaka yake anamdai posho ya shule na yeye anamdai kaka yake posho hiyohiyo. Hata mama yake nimemfuma akiuza KUCHAMBUA MAHARAGE, yeye mwenyewe mleta sheria.

Juzi nikasema hapana, mtunza stoo ni mimi, nionyeshwe daftari. Nikaonyeshwa. Limepigwa mistari kwa rula, safi kuliko leja ya bosi wangu. Ukurasa wa kwanza jina la juu kabisa: BABA. Sufuria, sufuria, sufuria, deki ya ukumbini, sufuria. Nikauliza nilikopa lini. Akasema usiku ule uliposinzia kwenye ndoo unasubiri maji, nikakuoshea, sikutaka kukuamsha. Na deni likivuka mwezi linaongezeka mia.

Nikakaa vizuri kwenye kiti, nikakunja uso wa ubaba, nikamkumbusha kwamba nyumba hii ni yangu, friji ni langu, na hata rula hiyo nimeinunua mimi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Mtoto ana adabu, siwezi kumsingizia. Akapiga goti, akasema:

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Mshahara unatoka tarehe ngapi?"