Dokumentari za dunia na anga: nzuri, ila zina haraka sana

Juzi hapa Ngamiani kijiwe cha kahawa, mpira ulikuwa bado haujaanza basi mwenye rimoti akaacha dokumentari moja ya Bonde la Ufa, Afrika inachanika kwenye skrini kama kanga iliyonasa msumari, bahari ikaingia katikati, sekunde kumi kazi imeisha. Mzee mmoja kashika kikombe hata hajanywa akauliza, "Kwa hiyo sisi wa Tanga tunabaki upande upi?" Watu wakacheka, ila swali la maana kabisa na jibu lake lipo, sisi tupo upande wa mashariki ule unaojitenga, ila unajitenga milimita chache tu kwa mwaka, ukucha wako unakua haraka kuliko hapo, na hadi bahari iingie ni mamilioni ya miaka. Mtangazaji aliitaja hiyo mara moja, chap chap, ila picha ilishamaliza kazi na mzee akili yake ilishaenda kwenye kiwanja chake cha Pongwe.

Ugomvi wangu nazo ni huo, muda. Mnakumbuka 2018 ule ufa wa kule Kenya, maeneo ya Mai Mahiu, barabara ikakatika? Mitandao yote ikapiga kelele Afrika inapasuka leo, kumbe wanajiolojia wengi wakasema ni mvua kubwa imekokota udongo wa majivu ya volkano uliokuwa umejaza mashimo ya chini. Mtu aliyezoea bara kuchanika kwa sekunde kumi ataacha kuamini vipi? Makosa mengine mi nayasamehe, nyota inalipuka angani na mlio juu wakati kule hakuna hewa ya kupitisha sauti, fresh tu, ni mbwembwe.

Sasa mtu atasema, ulitaka waonyeshe nini? Na yuko sahihi, wakionyesha kwa mwendo wake halisi utakaa unaangalia jiwe mpaka umeme ukatike. Tena kuna vitu bila hizo picha nisingevielewa. Mjomba wangu mvuvi pale Deep Sea, pwani hapahapa Tanga, bamvua anaijua tangu mtoto, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu maji yanajaa sana na yanakupwa sana, katikati hapo ni maji mafu. Ila kwa nini mara mbili kwa mwezi? Shule nilichorewa maduara ya chaki nikanakili bila kuelewa, halafu dokumentari moja ikapanga jua, dunia na mwezi kwenye mstari mmoja, vikazunguka, dakika moja nikasema ahaa, kumbe jua na mwezi vinavuta kwa pamoja! Nikamwonyesha mjomba kwenye simu, akaangalia mara mbili, akasema "ee, ndivyo", kama vile wao ndio wamejifunza kwake.

Halafu tuseme ukweli, chumvi hata sisi tunatia. Nenda mapango ya Amboni utasimuliwa kuna njia ya chini inatokea Mombasa. Lakini ukishaingia mwongozaji anamulika tochi juu, unaona tone la maji linaning'inia kwenye ncha ya jiwe, anakwambia hili jiwe ni chokaa, lilikuwa chini ya bahari miaka kama milioni 150 iliyopita, na maji ndiyo yamelila likawa pango. Hapo unaweza kumuuliza, kubisha, na hiyo Mombasa akajichekea mwenyewe. Tv huwezi kuibishia, tena inaongea Kiingereza cha kasi, na chaneli zenyewe nyingi zipo kwenye vifurushi vya bei juu, kwa hiyo wengi tunaambulia vipande vya mitandaoni, na anayekata kipande anachukua palepale Afrika inapochanika.

Ndiyo maana bora ziangaliwe kijiweni kuliko mtu peke yake. Yule mzee nilimwambia atazame ukucha wa kidole gumba, nikamweleza. Akautazama kwa muda, akanywa kahawa yake iliyokwishapoa.

"Basi nijenge tu."