Stata inazunguka, betri inahusu nini?

Mafundi wa pembeni mwa barabara hapa Mtwara mmezidi. Gari la zamani linapiga stata kwa nguvu ila haliwaki, mnamwambia mtu anunue betri! Betri iliyokufa ingezungusha injini hivyo? Chomoa plagi moja ya injini (ile inayotoa cheche ya kuwasha mafuta), irudishe kwenye waya wake, igusishe chuma cha injini (mbali na petroli, jamani), mwenzako apige stata. Hakuna cheche? Fungua kifuniko cha distribyuta, kile kifaa kinachogawa umeme kwa kila plagi. Kwa upepo huu wa chumvi wa Mikindani, ncha za ndani huota unga mweupe, na ufa mwembamba kama unywele ukishika unyevu tu, umeme unapotelea humo. Futa, kausha, sugua kwa msasa laini. Kikiwa na ufa, nunua kingine. Cheche ipo? Basi fuata mafuta: fyuzi ya pampu, rilei (swichi inayoipa pampu umeme), filta.