Mnasihi si lazima awe wa kwenu

Nilipomkimbia mnasihi wangu wa kwanza, yaani mshauri wa mambo ya moyoni, nilisingizia korosho. Ilikuwa Oktoba, minada imeanza, nikamwambia nabanwa na shamba Tandahimba. Uongo mtupu. Mikorosho yangu haifiki kumi.

Hakuwa mbaya. Mama wa makamo, Mmakonde kama mimi, na dada zangu walifurahi: "Huyu si wa kwetu?" Tumezoea hivyo, hata somo wa unyago hatafutwi mbali. Shida ilianzia hapo hapo. Sijamaliza kueleza ninavyokesha tangu tumzike kaka, yeye keshajua yote: wajomba, mashamba, mjane. Ananimalizia maneno. Mimi nataka kulala, yeye anataka nipatanishe ukoo.

Wa pili alikuwa kijana wa Kihaya, rika la mwanangu. "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba huku nikijisemea, mtoto huyu nitamweleza nini? Akaniuliza: siku tutakapoagana, ungependa kiwe kimebadilika nini? Nikasema usingizi. Tukashika hilo tu. Aliponitaka niandike mawazo yangu kila usiku nikakataa, kalamu na mimi mbalimbali. Basi jirekodi kwenye simu, akasema. Nikajirekodi.

Mwaka 1979 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Bordin, aliutaja uhusiano wa mnasihi na anayemwendea kuwa na mambo matatu: kukubaliana mnataka kufika wapi, kukubaliana mtafanya nini ili mfike, na kuaminiana. Kabila halimo, umri haumo. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliojumlisha tafiti 295 ulionyesha kuwa pale uhusiano huo unaposhika, nafuu nayo huelekea kuwa kubwa zaidi. Si kwamba ndiyo dawa yote, lakini umo.

Najua mtaniuliza, Mtwara hii nitachagua wapi? Kweli, wanasihi ni wa kuhesabu, na uliyemlilia Jumatatu unamkuta soko la samaki la Feri Jumamosi mnagombea pweza mmoja. Ndiyo maana nasema, kabla ya kuhama, mwambie. Ningemwambia yule mama, "Dada, mimi nimekuja kwa ajili ya usingizi, ya ukoo tuyaache kwanza," huenda ningekuwa kwake mpaka leo.

Bado tunakutana sokoni. Kila mara ananiuliza korosho za mwaka ule niliuza bei gani.