Mtoto si mtukutu, anakuita

Kila nikija Tanga nasikia malalamiko yaleyale: watoto wa siku hizi hawatulii, wanapiga mayowe, wanarusha vitu, hawasikii mpaka wachapwe. Lawama zinapewa katuni na simu wanazoshikishwa. Mimi naishi Hamburg, Ujerumani, na nimelea huko. Simu inayonitia hofu zaidi ni ile iliyo mkononi mwa mzazi, kwa sababu inaanza kumvuruga mtoto kabla hajajua kushika yake.

Miaka ya 1970, mwanasaikolojia wa Marekani Edward Tronick aliwaomba kina mama wacheze na vichanga vyao, kisha wawatazame kimya, uso umekauka. Mtoto alitabasamu, akanyoosha kidole, akapiga kelele, mwishowe akageuka na kulia. Hayo yote kwa dakika chache tu. Mzazi anayesoma ujumbe wa makundi ya WhatsApp anakuwa na uso uleule, tena kwa muda mrefu zaidi.

Mwaka 2014 daktari wa watoto wa Marekani Jenny Radesky na wenzake walichapisha walichokiona katika migahawa ya Boston: kati ya walezi 55 waliokuwa na watoto, 40 walitumia simu. Baadhi ya watoto walizidisha vituko ili waangaliwe, na walezi waliozama sana kwenye simu wakawajibu kwa ukali. Hiyo ni Boston, lakini hata Ngamiani, hapa Tanga, naiona. Mtoto anavuta dera, "mama, mama," hajibiwi. Anamwaga maji ya ndoo. Sasa anajibiwa, kwa kofi. Kesho hataanza kwa kuita, ataanza na ndoo.

Hamburg mama anaweza kushinda na mwanawe ghorofani, wawili tu, mpaka jioni. Uso wa mama ukiingia kwenye simu, hakuna mwingine. Watoto wa huko wamelisema wenyewe: mwaka 2018 waliandamana mjini humo, wakiongozwa na mvulana wa miaka saba, kuwataka wazazi wacheze nao badala ya kucheza na simu.

Kwetu nilijua mambo ni tofauti. Mama akiwa jikoni kuna bibi kibarazani, kuna shangazi, kuna jirani anayechambua mchele huku akimuuliza mtoto ameota nini usiku. Huo ndio utajiri niliowasifia wenzangu wa Ulaya kwa miaka. Sasa kibaraza kipo, mkeka upo, na watu wote wapo. Bibi anatazama video, shangazi anapitia status, binamu anafuatilia mkeka wake wa kubeti. Mtoto anawazunguka wote, na kila mmoja anamwambia subiri. Hapa naona tuko pabaya kuliko Hamburg, kwa sababu mzazi wa kule anajua kwamba yuko peke yake na mtoto. Sisi tunaamini kuna mtu anamwangalia.

Simtupii lawama mama anayeuza madera au vitumbua kwa WhatsApp. Simu ndiyo duka lake, na bando amelinunua kwa hela ya shida. Ila duka nalo linafungwa, hata kwa muda wa kula. Na akilazimika kujibu oda, amwambie mtoto kwa sauti: "Namjibu mteja, nikimaliza nakuja," kisha aje kweli. Mtoto wa miaka mitatu anaielewa ahadi. Kina baba nao waache kuingia ndani na simu sikioni, wakampita mtoto aliyekuja mbio mlangoni kuwapokea.

Jambo moja haliwezi kusubiri. Mwaka huohuo wa 2018 chama cha waokoaji majini cha Ujerumani kilionya kwamba wazazi wanakodolea simu huku watoto wao wakiwa ndani ya maji. Tanga tuna bahari mlangoni. Mkienda kuogelea Raskazone Jumapili, kubalianeni ni nani anayewaangalia watoto, na simu ya huyo ikae mkobani mpaka wa mwisho atoke majini.