Ida Lupino hakuokota uongozaji njiani

Kuna mwandishi kadai eti Ida Lupino, mwigizaji wa Hollywood, aliangukia uongozaji wa filamu kwa bahati tu, baada ya nyota yake ya uigizaji kufifia. Hapo, ndugu mwandishi, nakukatalia. Bahati ilikuwepo, sawa: mwaka 1949 mwongozaji Elmer Clifton alishikwa na maradhi ya moyo siku chache tu baada ya kuanza kupiga picha za filamu ya Not Wanted, Lupino akaibeba kazi bila jina lake kuandikwa kama mwongozaji. Lakini filamu yenyewe alishiriki kuiandika na kuitayarisha! Kabla ya hapo, studio ya Warner Bros. walipokuwa wakimsimamisha kazi kwa kukataa nafasi asizozipenda, alishinda kwenye seti akichungulia wenzake wanavyopanga kamera na taa. Huyo alikuwa darasani. Na hiyo nyota iliyofifia ni ipi? On Dangerous Ground aliyoigiza ilitoka 1951, na The Bigamist ya 1953 aliiongoza na kuigiza humo humo. Mwaka huohuo akatoa The Hitch-Hiker, noir (filamu ya uhalifu yenye giza na wasiwasi) ya waigizaji wanaume pekee: muuaji ana jicho moja lisilofumba, kwa hiyo usiku mateka wawili wanalala mbele ya bastola bila kujua kama jamaa amesinzia au anawatazama. Mimi naiweka juu hata ya pale alipopagawa mahakamani katika They Drive by Night (1940), ingawa najua wengi watanirukia. Nyie mliozitazama zote mbili, mnasemaje?